Mvua ya Kwanza Siyo Vuli
Mazungumzo kwa wakazi wa kata za tambarare ya Muheza kuhusu hali ya hewa ya juma la mwisho la Septemba



Swali linalosikika siku hizi sokoni, nje ya msikiti, baada ya ibada na kwenye vijiwe vya bodaboda ni moja: mvua itanyesha lini? Anayeuliza mara nyingi ana mfuko wa mbegu ya mahindi nyumbani, ulionunuliwa kwa fedha ya machungwa, na hana fedha ya kununua mfuko wa pili. Mbegu hiyo ndiyo iliyo hatarini zaidi juma hili.

Upepo wa kusi, uliovuma tangu Aprili, sasa umechoka. Kaskazi bado haijashika. Wavuvi wa Pangani na Tanga wana jina la kipindi hiki, maleleji, wakati upepo unapobadilika badilika na tanga halijui limtumikie nani. Kwa kawaida siku za namna hii huanza na mawingu kiasi. Manyunyu au mvua nyepesi huweza kuanguka alfajiri karibu na bahari na kwenye miteremko ya Usambara inayotazama mashariki, kisha jua hutawala mchana. Joto la tambarare hucheza kwenye nyuzi 29 hadi 31, na Amani hubaki na ubaridi wake. Hiyo ni desturi ya wakati huu wa mwaka. Taarifa ya kila siku ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ndiyo inayoeleza kama juma hili litaifuata desturi hiyo au litaiacha.

Sababu ya mabadiliko iko juu ya vichwa. Jua huvuka mstari wa ikweta kuelekea kusini tarehe 22 au 23 Septemba, na mwanzoni mwa Oktoba hupita utosini kabisa katika anga la Tanga. Ukanda wa mvua hulifuata jua, lakini hulifuata kwa kuchelewa, kama mzee anayemfuata mjukuu sokoni. Ndiyo maana joto hutangulia na mvua huja nyuma. Mkulima anayeona jua kali la mwanzo wa Oktoba akadhani vuli imekosa njia huwa amekata tamaa mapema mno.

Kosa la upande wa pili ndilo lenye gharama. Mvua moja hunyesha usiku, ardhi hunukia vizuri, na asubuhi majembe yote yako shambani. Siku nne baadaye mahindi yameota. Kisha jua huwaka siku kumi au kumi na mbili mfululizo, na miche iliyokuwa na majani mawili hunyauka yote. Mvua ile haikuwa vuli. Ilikuwa wingu moja lililotoka baharini na kupita.

Hapa ndipo maneno ya utabiri yanapohitaji kusikilizwa kwa makini. Redio inaposema mvua inatarajiwa katika maeneo machache, haina maana kwamba mvua itakuwa kidogo. Maana yake ni kwamba sehemu ndogo tu ya eneo lililotajwa italowa, na sehemu hiyo inaweza kulowa sana. Mwanzo wa vuli huwa hivyo: kitongoji kimoja kinateleza kwa tope, na cha jirani bado kinatimua vumbi. Si haki kusema watabiri wamedanganya kwa sababu tu wingu lilimwagikia shamba la shemeji.

Maafisa ugani hupendekeza kipimo kisichohitaji chombo. Baada ya mvua, mkulima achimbe shimo shambani na kupima kwa mkono. Unyevu ukiishia kwenye urefu wa kidole, asubiri. Ukifika shubiri moja, na taarifa ya siku kumi ikaonyesha mvua nyingine inakuja, apande. Mwenye mashamba mawili ana nafasi ya kupanda moja na kulisubirisha la pili, na uamuzi huo haupaswi kuchekwa na majirani.

Juma kavu lina kazi zake pia. Milimita 20 za mvua ni lita 20 kwa kila mita moja ya mraba, hivyo paa la bati lenye mita za mraba 40 hukusanya hadi lita 800 kwa mvua moja ya kiasi hicho. Nyumba isiyo na mfereji wa bati huyamwaga maji hayo yote ukutani, kisha mama wa nyumba huyafuata maji mengine kisimani kwa ndoo.

Kuna pia mitaro na makalavati. Halmashauri husafisha, na inapaswa kusafisha. Hata hivyo kalavati lililozibuliwa Jumatatu huziba Ijumaa kwa maganda ya machungwa na mifuko, na jambo hilo linajulikana na kila anayeishi karibu na gulio.

Vuli haiji kwa sura moja. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ukipata joto kupita kawaida, mvua huongezeka katika pwani hii. Ilikuwa hivyo mwaka 2019, Oktoba ya mafuriko yaliyokata barabara na kuua watu wilayani Handeni, mkoa huuhuu. Vuli ya mwaka 2022 ilikuwa hafifu katika maeneo mengi, na iliyofuata, ya 2023, ikaja na El Niño. Kwa hiyo kumbukumbu ya mwaka jana haitoshi kuamulia mwaka huu.

Onyo la hali mbaya hutolewa kwa ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Mvua inayozidi milimita 50 kwa saa 24 huhesabiwa kuwa mvua kubwa. Onyo likitolewa kwa Usambara, wakazi wa tambarare wasiseme ni la watu wa milimani, kwa kuwa maji ya Amani hushuka kwa Mto Zigi na vijito vyake, na yanaweza kufika bondeni wakati anga la huko ni jeupe. Wazazi ambao watoto wao huvuka kijito kwenda shule wakubaliane na walimu juma hili, kabla ya mvua, ni mtu mzima gani atakayesimama kwenye kivuko na ni mti au jiwe lipi likifikiwa na maji watoto watarudishwa nyumbani.