Karani na Udongo wa Kwao



Tumeombwa kusema machache juu ya kuhifadhi udongo na maji. Labda mtu atauliza, haya yamhusu nini mtu wa kalamu? Twajibu kwamba karani naye hula ugali, na aghalabu yetu tuna mashamba na mifugo makwetu.

Natutazame habari za Machakos, katika Kenya. Mwaka wa 1938 Serikali ya kikoloni iliona kwamba vilima vya Wakamba vimekuwa vitupu, na mvua yauchukua udongo mpaka mitoni. Haikushauriana na wenyeji. Iliwatwaa ng'ombe wao kwa nguvu na kuwauza. Basi Wakamba, wanaume kwa wanawake, wakaenda Nairobi kutaka kumwona Gavana, wakakaa huko majuma kadha wa kadha. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishwa akapelekwa Lamu, lakini amri ile ya kutwaa ng'ombe iliachwa. Na Uluguru, mwaka wa 1955, watu waliolazimishwa kuchimba matuta ya ngazi walikataa, ikawa ghasia huko Matombo, na mtu mmoja akafa. Ubishi wao haukuwa wa bure, maana matuta yale yaliufukua udongo wa chini usio na rutuba ukaja juu.

Lakini Wakamba hao hao ndio waliokuwa mafundi baadaye. Walishika namna iitwayo "fanya juu". Mtu huchimba mtaro kuukata mteremko, akifuata usawa, na udongo huutupa upande wa juu, si wa chini. Juu ya ukingo huo hupanda majani ya ng'ombe ili yaushike. Mwaka hata mwaka udongo hukusanyika nyuma ya ukingo, mpaka mteremko wajifanya ngazi wenyewe. Kazi hiyo waliifanya kwa mwethya, yaani ujima wao: leo shamba la huyu, kesho la yule. Kufika mwaka wa 1990 watu wa Machakos walikuwa wamezidi mara tano kuliko miaka ya 1930, na udongo ulikuwa ukipotea kidogo kuliko zamani. Ajabu kubwa!

Sasa twasema neno lisilopendeza, mtuwie radhi. Sisi wenye mishahara hununua ng'ombe, tukamkabidhi mjomba amchunge. Wanakijiji wakikutana kupatana malisho gani yapumzishwe, sisi hatupo, ila ng'ombe wetu yupo. Na nani athubutuye kumfukuza ng'ombe wa karani? Siku za likizo twapita kando ya watu wanaochimba, viatu vyetu vinang'aa, twawaamkia, twaenda zetu. Hata baadhi yetu tunaosema haya leo tumefanya hivyo.

Kwa hiyo twaleta shauri. Kila mwanachama achangie kikundi cha kwao majembe, au vyombo vya kupimia usawa: kamba, fimbo mbili na pima maji ya mwashi, basi. Asiye na fedha awaandikie barua kwa afisa wa kilimo na kuwatunzia daftari la hesabu, maana kazi hiyo twaijua. Na mwenye ng'ombe kijijini amwandikie mjomba wake kwamba mnyama huyo afuate mapatano kama wa wengine.

Daftari la ahadi liko mezani kwa Bwana Mweka Hazina. Majina yetu sisi tumekwisha kuyaandika.