Kidonda cha Upasuaji Ukiwa Safarini

Leo tunaongea nawe uliyevuka mpaka wa Ruhwa ukiwa na kidonda cha upasuaji, hasa wewe mama uliyejifungua kwa kupasuliwa.

Usikifiche. Mwonyeshe muuguzi siku ileile unayofika. Karatasi ya hospitali usiitupe, hata kama imelowa. Muuguzi anahesabu siku ya kutoa nyuzi kuanzia siku uliyopasuliwa. Karatasi ikipotea, mtajie tarehe. Nyuzi za usoni hutolewa mapema, kama siku ya 5. Za tumboni mara nyingi ni siku 7 hadi 10, na za mguuni hukawia zaidi.

Bonde la Bugarama lina joto, mnalijua. Jasho hulowesha bandeji, na bandeji iliyolowa hupitisha vijidudu. Ibadilishwe, hata kama siku yake haijafika. Anayeibadilisha anawe mikono kwa sabuni kabla na baada. Shashi ikikosekana, chemsha kitambaa cha pamba, ukianike juani kikauke kabisa. Kitakusaidia mpaka ufike kliniki.

Majivu, majani, dawa ya meno: hapana, hata bibi akisisitiza. Wala usifungue vidonge vya rangi mbili ukanyunyiza unga wake kidondani. Wengi wanafanya hivyo, na kidonda hakiponi.

Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu vizuri. Kwa mkono uliooshwa, gusa kando ya kidonda. Pakiwa pa moto, pamevimba na pagumu, au ukiona usaha, harufu mbaya, homa, nyuzi zikiachia, nenda kliniki usiku huohuo.