Kauli ya Mraibu Kuhusu Matumizi Yake: Tuipokeeje Kliniki?



Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ifungue kliniki ya methadoni mwaka 2011, kisha Mwananyamala na Temeke zikafuata, waraibu wa heroini wamekuwa wakifika kila siku kunywa dozi mbele ya mtoa dawa. Tukitaka kujua kama mtu bado anatumia unga, tunampa kikopo cha mkojo. Mimi nimekuja kutetea ushahidi ambao wengi wetu huupuuza, yaani maneno yake mwenyewe.

Mkojo hujibu swali dogo mno. Kwa kawaida heroini huonekana humo kwa siku mbili tatu tu. Aliyekuwa akimaliza kete sita kwa siku, na sasa anavuta moja kila Jumamosi, akipimwa Jumatatu anaweza kupata jibu lilelile alilopata siku ya kuandikishwa. Kwamba sasa analala nyumbani, haibi, wala haazimi sindano maskani, maabara haijui. Wala haijui kama pengo la unga limezibwa na konyagi, au na kubeti. Kubeti hakuna kipimo chake cha mkojo.

Lakini je, husema kweli? Mwaka 1998 mtafiti wa Australia, Shane Darke, alichambua tafiti zilizolinganisha majibu ya watu wanaojidunga na vipimo vya maabara, kumbukumbu za uhalifu na maelezo ya watu wao wa karibu. Alihitimisha kwamba majibu yao yanaaminika vya kutosha. Kabla yake, mtafiti mwingine, Lee Robins, alikuwa amewafuatilia askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam Septemba 1971. Walihojiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja tangu warudi, wakiahidiwa usiri, na mkojo uliombwa baada ya mazungumzo. Karibu nusu walikiri kwamba walitumia afyuni au heroini wakiwa vitani, na mmoja kati ya watano alisema alikuwa mraibu. Wengi wa waraibu hao waliacha waliporudi kwao, jambo ambalo wataalamu wa wakati ule hawakulitarajia hata kidogo.

Tutazame mazingira ya mahojiano yale: kukiri hakukumgharimu askari kitu. Kwetu, anayeuliza mara nyingi ndiye anayeamua kama mteja atapewa dozi ya kwenda nayo nyumbani. Mama mwenye mtoto mchanga, anayepanda daladala mbili kila asubuhi kufuata dawa, akijua kwamba neno moja litamnyima dozi hizo, atasema hajagusa kitu. Siwezi kumlaumu. Tumemfundisha sisi kuficha. Napendekeza kwa moyo wote kwamba mahojiano ya maendeleo yafanywe na mtu asiye na kauli juu ya dozi, na mteja aambiwe hivyo waziwazi kabla ya swali la kwanza.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. "Umepunguza?" ni swali linaloomba jibu la kumfurahisha muulizaji. Watafiti Linda na Mark Sobell walibuni njia ya kukaa na mtu mbele ya kalenda na kurudi nyuma siku kwa siku, wakianza na siku asizoweza kuzisahau. Kwetu siku hizo zipo: mkesha wa Idi, msiba, mechi ya Simba na Yanga, siku aliyolipwa kibarua. Siku hiyo ulitumia nini? Kiasi gani? Ulikuwa na nani? Kwa anayebeti, jumbe za miamala kwenye simu yake zitamsaidia kukumbuka, mradi azifungue mwenyewe kwa hiari.

Akisema wiki hii alitumia siku mbili badala ya saba, tuandike "siku mbili" kwenye jalada, pembeni ya jibu la mkojo. Leo majalada mengi yana nafasi ya alama moja tu, chanya au hasi. Fomu hiyo inaweza kubadilishwa, na naomba kikundi cha mchana kianze na kazi hiyo.