Daftari la Karura ni nyayo zetu

Leo natutembee kidogo katika msitu wa Karura, ule ulio kaskazini mwa jiji la Nairobi, baina ya Barabara ya Limuru na ile ya Kiambu.

Msitu huu ulitangazwa kuwa hifadhi ya umma mwaka 1932, na una hekta zipatazo 1,000. Ndani mna mito, maporomoko ya maji, mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau, mianzi, mihugu, na kima warukao matawini. Apendaye kukimbia atakimbia, mwenye baiskeli ataendesha, na anayetaka kukaa kitako na wanawe chini ya mti, nafasi ipo.

Lakini kwa miaka mingi nani alithubutu kuingia? Karura ilitajwa kwa wezi na maiti zilizotupwa. Wananchi tukaikwepa. Na kitu kilichokimbiwa na wenyewe, mnyakuzi hukiona hakina mwenyewe. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, vipande vya msitu vilikuwa vimegawiwa watu wajenge majumba. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai alikwenda kupanda mti. Yeye na wenzake walishambuliwa na kundi la wahuni, naye akapasuliwa kichwa. Agosti mwaka uo huo, Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Sheria ya Misitu ya 2005 ikawapa wakazi nafasi ya kutunza misitu pamoja na serikali. Karura ikazungushiwa ua wa umeme, walinzi wakapiga doria, na familia zikaanza kuingia bila hofu.

Wako wenzetu wasemao kutembea msituni ni starehe ya matajiri wa Muthaiga na Gigiri. Haya, mnyakuzi akirudi kesho, ni hao peke yao watakaopiga kelele? Mama yule hakumwaga damu kwa ajili ya mtaa mmoja.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Karura ni nyayo zetu. Basi tuingie, tukiwa waungwana: taka turudi nazo nyumbani, na kima tusiwarushie chakula, wasije wakageuka wanyang'anyi.

Wewe msikilizaji, mara yako ya mwisho kuingia ilikuwa lini? Kwaherini, hadi juma lijalo.