Fedha za Dhuluma na Njia ya Kuzirudisha

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo hutajwa zaidi kwa wenye maduka, lakini unamhusu vilevile kila mtu aliyemkabidhi mwenzake akiba yake ili aizalishe. Mshauri wa fedha anapogeuka kuwa mwizi, swali la kwanza la kila aliyedhulumiwa ni moja: je, fedha hizo zaweza kurudi? Historia inaonyesha kuwa zaweza. Lakini hazirudi kwa njia ambayo wengi huidhania, wala hazimrudii kila mtu kwa kiasi anachokidai.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Bernard Madoff wa New York, nchini Marekani. Bwana huyo alikuwa mtu wa heshima kubwa. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa soko la hisa la NASDAQ, na matajiri, vyama vya hisani na wastaafu walimpelekea akiba zao huku wakijiona wamepata bahati kupokelewa. Kila mwezi wateja walipokea taarifa za hesabu zilizochapwa vizuri, zikionyesha hisa zilizonunuliwa na faida iliyopatikana. Ukweli ni kwamba hakuna hisa zilizokuwa zikinunuliwa. Fedha zote ziliwekwa benki, na mteja wa zamani alipotaka faida yake alilipwa kwa fedha za mteja mpya.

Mwaka 2008 masoko ya fedha duniani yalipoyumba, wateja wengi walitaka fedha zao kwa wakati mmoja, na hapo kisima kikaonekana kuwa kikavu. Madoff alikamatwa tarehe 11 Desemba, 2008. Mwezi Machi, 2009 alikiri makosa 11, na tarehe 29 Juni mwaka huohuo alihukumiwa kifungo cha miaka 150. Alifia gerezani mwezi Aprili, 2021.

Yafaa ieleweke hapa kwamba kifungo hicho, pamoja na urefu wake wote, peke yake hakikumpa mjane hata senti moja. Kesi ya jinai kazi yake ya kwanza ni kumwadhibu mhalifu, na kurudisha mali ni kazi nyingine inayohitaji watu wake, sheria zake na miaka yake.

Kazi hiyo alipewa mfilisi, wakili Irving Picard, mwezi Desemba, 2008. Jambo la kwanza alilolazimika kulikata lilikuwa gumu kuliko yote: hasara ni nini? Taarifa za mwisho walizopelekewa wateja zilionyesha kuwa wana mali ya karibu dola bilioni 65. Lakini mtaji halisi uliopotea ulikadiriwa kuwa kati ya dola bilioni 17 na 20. Kiasi kilichobaki kilikuwa wino juu ya karatasi.

Mfilisi aliamua kuhesabu fedha zilizoingia na kutoa zilizotoka. Tuseme mteja mmoja aliweka dola 100,000, akachukua 30,000, na taarifa yake ikaonyesha kuwa ana 400,000. Huyo dai lake ni dola 70,000 tu. Mteja wa pili aliweka dola 100,000, na kwa miaka mingi akachukua jumla ya dola 250,000. Huyo hadai kitu, na tena anaweza kudaiwa sehemu ya zile 150,000 alizozidisha, kadiri sheria inavyoruhusu kurudi nyuma.

Uamuzi huo uliwaumiza watu wengi. Miongoni mwa waliodaiwa walikuwamo wazee wasiojua lolote juu ya wizi huo, ambao walikwisha tumia fedha hizo kwa chakula, matibabu na karo za watoto. Walilalamika kwamba wamedhulumiwa mara mbili, na kilio chao hakikuwa cha uongo. Hata hivyo Mahakama ya Rufani mjini New York ilikubaliana na mfilisi mwaka 2011. Sababu yake ni rahisi kueleweka: ile iliyoitwa faida ilikuwa jasho la mteja mwingine. Kumwachia aliyezidisha ni kumnyima ambaye hakupata hata mtaji wake, na kuilipa faida ya karatasi ni kumfanya mwizi awe ndiye mgawaji wa mali hata baada ya kukamatwa.

Kwa msingi huo, fedha nyingi zilizorudi hazikutoka mfukoni mwa mwizi. Zilitoka kwa wale zilikopitia. Warithi wa Jeffry Picower, mteja aliyechukua mabilioni kuliko alivyoweka, walikubali mwezi Desemba, 2010 kurudisha dola bilioni 7.2. Benki ya JPMorgan Chase, ambamo fedha za Madoff ziliwekwa, ilikubali mwezi Januari, 2014 kutoa dola bilioni 1.7 kwa ajili ya waliodhulumiwa. Kwa jumla mfilisi amekusanya zaidi ya dola bilioni 14. Hali kadhalika Serikali ya Marekani iliunda mfuko wake, ambao ulimaliza malipo mwezi Desemba, 2024 baada ya kugawa zaidi ya dola bilioni 4 kwa watu wapatao 40,000 katika nchi 127. Wengi wao walikuwa wamewekeza kupitia mikono ya wengine, na kwa hiyo hawakuwa na dai kwa mfilisi.

Lakini mlango mmoja ulibaki umefungwa. Harry Markopolos, mtaalamu wa hesabu za fedha, alikuwa amewaonya wasimamizi wa masoko ya Marekani tangu mwaka 2000, wasimsikilize. Waliodhulumiwa waliposhtaki Serikali kwa uzembe huo, walishindwa katika rufani mwaka 2013. Ni dhahiri basi kwamba msimamizi akisinzia, gharama humwangukia mwananchi.

Ndugu Wananchi, mambo hayo ya New York yana mafunzo kwa mwekaji akiba wa Dar es Salaam au Mwanza. Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 1994 ya masoko ya mitaji na dhamana inamtaka mshauri wa uwekezaji awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kuuliza leseni kabla ya kutoa fedha si kumvunjia mtu heshima. Mwenye leseni ataionyesha, na asiyekuwa nayo atakasirika.

Aliyekwisha dhulumiwa asikae akiona haya. Aibu ni ya mwizi, na ukimya wa mwenye mali ndio ngao yake. Akusanye stakabadhi zote, taarifa za benki, ujumbe wa simu na majina ya mashahidi. Aandike kwa mpango ni siku gani alitoa kiasi gani, na alirudishiwa nini. Kisha apeleke taarifa polisi na malalamiko kwa Mamlaka. Mahakama ya jinai inaweza pia kumwamuru aliyetiwa hatiani alipe fidia, na mlango wa kesi ya madai uko wazi. Lakini mlango huo una saa yake: Sheria ya Ukomo wa Mashauri ya mwaka 1971 inatoa miaka 6 kwa shauri la mkataba, na mashauri mengine yana muda mfupi zaidi. Huko New York nako, madai kwa mfilisi yalifungwa tarehe 2 Julai, 2009.

Tena ajihadhari na mwizi wa pili. Huyo huja baada ya msiba, akijiita wakala au mwanasheria, akiahidi kurudisha kila kitu iwapo atatangulizwa ada. Mfilisi wa Madoff hakuwatoza wateja hata dola moja katika fedha zilizokusanywa. Gharama zake zililipwa na shirika la kuwalinda wawekezaji lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1970. Anayetaka kulipwa kwanza ili aokoe mali, aulizwe leseni yake kama yule wa kwanza alivyopaswa kuulizwa.

Haki katika jambo hili ina kipimo kimoja, nacho ni jasho lililoingia. Anayeweza kuonyesha aliweka nini ana mahali pa kuanzia, hata ikiwa safari itachukua miaka 16 kama ilivyochukua kwa waliomwamini Madoff. Kwa hiyo daftari lianze siku ile ile fedha zinapotoka mkononi, wakati mshauri angali rafiki.