Saa za Safari baina ya Nairobi na New York



Nimeombwa niseme nanyi habari za mwendo wa eropleni baina ya Nairobi na New York, na hasa habari za saa, maana hapo ndipo wengi wetu tunapopotea.

Masafa ya miji hii miwili, yakipimwa kwa njia fupi kuliko zote, ni maili 7,300 na zaidi, yaani kilomita 11,800 hivi. Wanafunzi 81 waliokwenda Amerika mwezi wa Septemba 1959, kwa jitihada za Tom Mboya na rafiki zake, walichukuliwa na eropleni ya kukodi isiyoweza kwenda mwendo huo wote pasipo kutua. Miaka mingi baadaye msafiri alikuwa bado hubadili eropleni Ulaya au Uarabuni, mpaka tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja.

Kwenda ni saa 15 hivi. Kurudi hupungua kama saa moja. Sababu ni pepo kali zivumazo toka magharibi juu ya Atlantiki: eropleni iendapo huzikabili, irudipo humsaidia rubani. Tena kiwanja cha Nairobi kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, na eropleni iliyojaa mafuta huona taabu kupaa. Baridi ya usiku huipunguzia taabu hiyo.

Sasa nije kwenye saa. Januari moja mpwa wangu alikwenda masomoni huko. Tiketi yake ilisema: kuondoka saa tano na nusu usiku, kufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Dada yangu, mama wa kijana, akahesabu kwa vidole, akapata saa saba. Kulipopambazuka akakaa karibu na simu. Saa mbili ikapita, saa nne ikapita, chai ikapoa. Ilipofika saa tano akaniita, nami nikamkuta amejifunika kanga kama aliye matangani.

“Dada,” nikamwambia, “huko bado ni saa tisa ya usiku. Mwanao yu juu ya bahari.”

“Basi tiketi imesema uongo?”

Haikusema uongo. Kuondoka huandikwa kwa saa za Nairobi, na kufika kwa saa za New York. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa, na New York iko mbali nasi upande wa magharibi kwa digrii 111 hivi. Kwa hiyo jua hutuchomozea sisi kwanza. Wakati wa baridi yao saa zao huwa nyuma ya zetu kwa saa nane. Wakati wa joto husogeza saa zao mbele, tofauti ikawa saba. Nilimchorea haya yote kwa chungwa na mshumaa. Alitazama kwa adabu, wala hakula.

Simu ililia saa tisa kasoro robo mchana. Dada hakuuliza habari za saa wala maili. Alimwuliza kijana kama amekula.