Michezo ya Kale, Mashine za Leo: Tusingoje Disketi Zife

(Hotuba ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi, katika ukumbi wa maktaba ya kata)



Huenda mtu akajiuliza: Halmashauri yenye kudaiwa maji na barabara inahangaikia nini michezo ya kompyuta? Naomba nijibu kwa kisa.

Mwaka 1989 kijana wa Marekani, Jordan Mechner, alitoa mchezo wa Prince of Persia, alioutunga kwa kompyuta ya Apple II. Ili shujaa wake akimbie na kuruka kama binadamu, alimrekodi mdogo wake kwa video, kisha akachora mkao baada ya mkao. Mchezo ulienea duniani, lakini msimbo wake, yaani maandishi asilia ya programu, ulipotea. Mwaka 2012 baba yake alizikuta disketi zake ndani ya boksi. Mafundi walizinakili kwa uangalifu, na msimbo ukaokoka.

Ndugu wananchi, disketi huhifadhi taarifa katika utando mwembamba wa sumaku. Joto, unyevu na ukungu huuharibu hata kama hakuna anayeigusa. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kunakili.

Hatua ya pili ni kuuendesha mchezo. Kompyuta nyingi za leo haziwezi kuendesha moja kwa moja programu za mfumo wa DOS. Tena baadhi ya michezo ile ilipima muda kwa kasi ya mashine. Ukiifungua kwenye mashine yenye kasi, shujaa hufa kabla hujabonyeza kitufe. Dawa yake ni programu ya kuiga, mfano DOSBox, iliyotoka mwaka 2002 na isiyolipiwa. Huijenga kompyuta ya zamani ndani ya mpya: huiga kichakataji na kadi ya sauti, na hukuwezesha kupunguza kasi.

Haki nazo tuziheshimu. Wenye mchezo wa Doom wa mwaka 1993 waliutoa msimbo wake hadharani mwaka 1997, lakini picha na ngazi za mchezo zilibaki mali yao. Ukale wa kitu haumfuti mwenyewe.

Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2023 ulionesha kuwa asilimia 87 ya michezo iliyotoka huko kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena sokoni. Ikiwa michezo iliyouzwa kwa wingi inapotea hivyo, itakuwaje kwa kitu chenye nakala moja tu?

Nasema haya kwa uchungu. Marehemu mjomba wangu aliniachia disketi kumi na mbili. Niliziweka juu ya kabati miaka saba, nikisema kesho. Nilipozisoma, tano tu ziliitika. Mchezo tuliocheza pamoja nikaupata. Barua zake kwa bibi sikuzipata. Mchezo ule ulikuwa na nakala kwingine. Barua hazikuwa nazo.

Basi, kabla hamjachoma makabrasha na mashine kuukuu, zileteni disketi hapa maktaba. Kipo kisomeo, na huduma haina malipo. Mje na kumbukumbu ya flashi ya kubebea nakala. Anayesema kesho, akumbuke disketi zangu saba.